Zahanati Haihami, Mkulima Anahama

Mhadhara kwa wananchi wa Mofu, Bonde la Kilombero

Vijana, nawashukuru kwa kuacha mpunga ukisubiri ili mje kunisikiliza, maana najua saa moja ya wakati huu ina thamani gani.

Nimeombwa nieleze aina za vituo vinavyotoa huduma za afya katika nchi yetu, na kila kimoja kinafanya kazi gani. Nilipopokea mada hii niliiona nyepesi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuitaja orodha: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, ya kanda, ya taifa. Lakini nilipokaa kuandika, kalamu ilinirudisha kila mara kwenye usiku mmoja wa mwezi wa nne, miaka mingi iliyopita, kabla ya minara ya simu kufika upande wetu. Nitaanzia hapo.

Nilikuwa tabibu katika zahanati moja ya bonde hili. Aliletwa mama kutoka shambani, uzao wake wa nne. Alikuwa amejifungulia kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga, mtoto mzima, analia vizuri. Damu ikagoma kukata. Mumewe na shemeji zake walimlaza kwenye mtumbwi, wakapiga kasia, walipofika nchi kavu wakambeba kwa machela ya miti na kanga. Nilimchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Nikamwekea dripu. Nikamsugua tumbo kama nilivyofundishwa, na nesi mwenzangu akashika taa. Alichohitaji kuanzia hapo ni damu ya mtu mwingine iingie mwilini mwake, na damu ilikuwa Ifakara. Kati yetu na Ifakara kulikuwa na barabara iliyokuwa chini ya maji. Alifariki kabla ya jogoo wa pili.

Nimeirudia hesabu ya usiku ule mara nyingi. Zahanati yangu haikukosa kitu chochote ambacho zahanati inatakiwa kuwa nacho: dawa ilikuwepo, mtumishi alikuwepo, taa ilikuwa na mafuta. Hospitali nayo, kule iliko, ilikuwa na damu na daktari wa upasuaji. Kila nyumba ilikuwa tayari kwa kazi yake, na mama akafia katikati. Ndiyo maana siwezi kuwasomea orodha ya nyumba nikanyamaza kuhusu njia iliyo kati ya nyumba na nyumba.

Utaratibu huu wa nyumba kubwa na ndogo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1920 huko Uingereza daktari mmoja mashuhuri, Lord Dawson, aliongoza taarifa iliyopendekeza kwamba huduma ndogo ziwe karibu na watu na zile nzito zikusanywe sehemu moja, mgonjwa apande kutoka moja kwenda nyingine kadiri ugonjwa unavyodai. Tanganyika ilipopata uhuru, kamati iliyoongozwa na Profesa Richard Titmuss ilichunguza huduma zetu, na taarifa yake ya mwaka 1964 ikashauri nguvu iwekwe kwenye vituo vya afya vijijini badala ya kuendelea kujenga hospitali kubwa mijini. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ikaelekea huko kwa dhati. Na mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule tulioujua kwa jina la MMAM, wenye ahadi inayokumbukwa mpaka leo: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata, hospitali kila wilaya.

Tuanze na zahanati, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote.

Zahanati ni mahali pa kutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Inapima malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu na kutoa dawa ya mseto. Inatibu kuhara, kichomi, vidonda. Inatoa chanjo na uzazi wa mpango. Inapima wajawazito na kuzalisha uzazi usio na matatizo. Ina vitanda vichache vya kumpumzisha mgonjwa akiangaliwa, wala haina wodi ya kulaza. Haipasui. Haiongezi damu. Mtumishi wake mkuu kwa kawaida ni tabibu, ambaye ninyi mnamwita daktari, nasi tunaitikia kwa heshima mnayotupa, ingawa daktari ni mtu mwingine aliyesoma miaka zaidi.

Katika historia ya fani hii ya utabibu wa vijijini, Ifakara ina sehemu yake. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika mara ya kwanza mwaka 1949. Mwaka 1957 ikajengwa maabara ya utafiti, na mwaka 1961, mwaka uleule wa uhuru, kikafunguliwa kituo cha kufundishia wahudumu wa afya wa vijijini. Maabara ile ndiyo iliyokua mpaka kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Majirani zetu wa Idete na Namwawala huenda hawajui kwamba majina ya vijiji vyao yamo katika majarida ya sayansi yanayosomwa London na Geneva. Chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1994. Haikufaulu kama ilivyotarajiwa. Lakini akina mama wa Idete waliwatoa watoto wao ili dunia ijue, na watafiti wa chanjo waliokuja baadaye walijifunza kutoka kwao. Nasema haya kwa sababu wananchi wa bonde hili wamezoea kujiona watu wa kupokea tu.

Sasa kazi ya zahanati ambayo haiandikwi ukutani: kutambua mapema kwamba ugonjwa huu si wake. Tabibu mzuri ni yule anayejua mpaka wa nyumba yake. Mtoto akifika na degedege, macho yamegeuka, hawezi kunyonya wala kumeza, zahanati inampa dawa ya kwanza, ya sindano au ya kupitisha njia ya haja kubwa, kisha inamwondoa haraka. Kumweka kitandani hadi asubuhi kwa kuona haya kumsumbua mzazi na nauli ni kosa kubwa. Nimeona pia wazazi wakimkasirikia tabibu anayeandika barua ya rufaa, wakisema ameshindwa kazi. Jamani, barua ile ndiyo tiba yenyewe.

Inayofuata ni kituo cha afya, kilichokusudiwa kuhudumia kata nzima au zaidi. Hiki kina wodi. Mgonjwa analazwa. Kina maabara yenye uwezo zaidi, na kuanzia mwaka 2017 serikali imekarabati mamia ya vituo nchini na kuviwekea chumba cha upasuaji, ili mama anayeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida apasuliwe papo hapo na aongezewe damu papo hapo. Badiliko hilo ni kubwa mno. Zamani kituo cha afya kilikuwa zahanati iliyoongezewa vitanda. Chenye upasuaji na damu, kama kingekuwa umbali wa saa moja tu, kingemwokoa mama wangu yule.

Kisha hospitali. Kwetu sisi neno hilo lina sura moja, ile ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara. Ilianzishwa na wamisionari Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi, na leo ni ya Jimbo Katoliki la Ifakara. Mgeni anaweza kuuliza: hospitali ya kanisa inaingiaje katika mfumo wa umma? Inaingia kwa mkataba. Tanzania iliona mapema kwamba pale ambapo kanisa lina hospitali nzuri, hakuna haja ya serikali kujenga nyingine ubavuni mwake. Afadhali ichangie mishahara na dawa, nayo hospitali ihudumie wote bila kuuliza dini. Ndiyo maana ya hospitali teule ya wilaya. Ya Ifakara ilibeba jina hilo kwa miaka mingi kabla ya kupanda kuwa ya rufaa. Watu wa Kilombero, Ulanga na Malinyi wanakutana kwenye mabenchi yake. Wale wa ng'ambo ya mto Kilombero walivuka kwa kivuko miaka yote hiyo, na mto ulipokasirika walisubiri. Daraja la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 limefanya kazi kubwa ya kitabibu kuliko jengo lolote lililojengwa upande ule. Naomba mnielewe: daraja lile nalihesabu miongoni mwa vituo vya afya.

Ndani ya hospitali kubwa kuna pia nyumba za ugonjwa mmoja mmoja. Kliniki ya magonjwa sugu ya Ifakara, iliyoanza miaka ya 2004 na 2005, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa nchini kuwapa watu wa vijijini dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Kabla yake mtu wa huku aliyetaka dawa hizo alihitaji mfuko wa tajiri. Na wazee wanaikumbuka Nazareti, makazi ya wagonjwa wa ukoma, ambako watu walitengwa na ndugu zao na kupata ndugu wapya.

Juu ya hapo sitachelewa. Iko hospitali ya rufaa ya mkoa, Morogoro mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara. Ziko za kanda. Na Muhimbili, pamoja na taasisi zenye kazi maalumu: Ocean Road kwa saratani, ya Jakaya Kikwete kwa moyo, Mirembe ya Dodoma kwa afya ya akili. Wengi wetu tutafika huko mara moja katika maisha au tusifike kamwe.

Dar es Salaam nyumba hizi zote zimebanana. Mtu wa Sinza mwenye mafua akiamua anaipita zahanati ya mtaa wake, anapanda daladala, anaketi hospitali ya Mwananyamala. Tatizo la mji ni kwamba watu wanaruka ngazi, hospitali kubwa inajaa kikohozi na wenye saratani wanapanga foleni nyuma ya wenye kikohozi. Viongozi wanaokaa mjini wanapopanga mambo ya afya, wanafikiri kuhusu ugonjwa huo wa foleni. Sisi hatuna foleni hiyo. Sisi tuna maji.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Mfumo wote huu, kutoka kwa Dawson hadi MMAM, ulimchorea ramani mtu anayekaa mahali pamoja. Ana nyumba kijijini, zahanati iko kijijini, basi ana huduma. Lakini Mndamba, Mpogoro, Mbena na wageni wote waliojifunza kulima kama wao, hawakai mahali pamoja. Mvua zikianza familia inahamia shambani. Mnajenga dungu, mnakaa humo miezi mingi, mnapanda, mnapalilia, mnaamia ndege, mnavuna. Kijijini wanabaki wazee na watoto wa shule. Ukija wakati huo ukaikuta zahanati ina watu wachache, utadhani watu wana afya njema. Wagonjwa wako kwenye majaruba, saa kadhaa za mguu na mtumbwi. Na wamekwenda wakati uleule mbu wanapozaliana kwa wingi na mto unapopanda. Zahanati haihami, mkulima anahama.

Kinachomfuata mkulima huko ni nini? Kwanza ni chandarua. Msinishangae nikikitaja katika mhadhara wa majengo. Mwaka 1997 ulianza hapa Kilombero na Ulanga mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu, na watafiti wakawafuatilia watoto. Taarifa iliyotoka mwaka 2001 ilionyesha kwamba kwa watoto wenye chandarua hicho, uwezekano wa kuishi uliongezeka kwa asilimia 27. Chandarua kinakunjwa, kinaingia kwenye gunia pamoja na sufuria, kinatundikwa kwenye dungu. Hakuna zahanati inayoweza kufanya hivyo.

Pili ni duka la dawa muhimu. Mpango wa kuwafundisha na kuwasajili wauzaji hawa ulianza Ruvuma mwaka 2003, ukafika na mkoani kwetu. Muuzaji aliyefunzwa, anayejua kusema "hii dawa sikupi, mpeleke mtoto zahanati," ni mtumishi wa afya hata kama hana koti jeupe. Asiyefunzwa ni hatari.

Tatu ni huduma ya mkoba. Nesi anapakia chanjo kwenye boksi la baridi, mizani, kadi na dawa chache, anapanda pikipiki au mtumbwi, anakaa chini ya mti mahali mlipokubaliana. Miaka yangu ya kazi sikuwahi kuona shilingi iliyotumika vizuri kuliko shilingi ya mkoba. Ndiyo pia inayokatwa kwanza mafuta yakipanda bei. Kwangu mimi mkoba ungekwenda madunguni kila mwezi kuanzia Januari hadi Juni, na ratiba yake ipangwe kwa kalenda ya mpunga. Kalenda ya ofisi haijui palizi ni lini.

Na nne ndiyo iliyonileta hapa, nyumba ya mama ngojea.

Ni nyumba ya kawaida kabisa. Vitanda, jiko, choo, bomba la maji. Imejengwa ndani ya uzio wa hospitali au kituo chenye upasuaji. Mama aliye mbali anakwenda wiki mbili au tatu kabla ya siku zake, anakaa, anapika, anasubiri. Uchungu ukimshika anatembea hatua hamsini. Cuba walianza nyumba za namna hii mwaka 1962 kwa ajili ya wanawake wa milimani na mashambani, na Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2015 kwa watu walio mbali na huduma. Hapa nchini ziko sehemu nyingi, nyingine nzuri, nyingine zimegeuka stoo.

Mtaniambia: sasa kuna M-mama. Ni kweli, nami naushukuru mpango huo kwa moyo wote. Tangu mwaka 2022 umesambazwa nchini. Mama, au mtumishi wa zahanati, anapiga 115 bila malipo, na gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa anatumwa, nauli halipi yeye. Unamhudumia mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Ungekuwepo usiku ule, pamoja na mnara wa simu, ningepiga. Lakini gari bado linahitaji barabara. Mwezi wa nne Kilombero inaweza kulinyima gari njia kwa siku nyingi, na maji hayapokei simu.

Watafiti Deborah Maine na Sereen Thaddeus waliandika mwaka 1994 kwamba mama anauawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Nyumba ya mama ngojea inaufuta ule wa pili kabla haujatokea. Safari inafanywa mchana, mama akiwa mzima, barabara ikiwa bado kavu.

Kuna kosa moja hapa ambalo nimelifanya mwenyewe. Tunafundishwa kuwachagua akina mama wa hatari: uzao wa kwanza, uzao wa tano na kuendelea, mfupi chini ya sentimita 150, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha. Hao kadi inaandikwa wakajifungulie hospitali. Mama wangu yule hakuwa hata mmoja wa hao. Uzao wa nne, watatu wa kwanza salama, kimo kizuri. Kadi yake ilikuwa safi. Kutoka damu baada ya kujifungua kunawapata wengi ambao kadi zao ni safi, na hakuna tabibu anayeweza kuwataja mapema. Kwa hiyo kwa watu wa bonde hili kipimo hakiwezi kuwa kadi peke yake. Kipimo kiwe maji. Yeyote ambaye siku zake zinaangukia masika, na kati yake na chumba cha upasuaji kuna mahali panapofurika, akangoje.

Nchi imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukatoa 104. Akina mama wanaojifungulia kwenye vituo wamefika asilimia 81. Nimezifurahia tarakimu hizo kama mtu aliyeona mvua baada ya ukame. Lakini wale waliobaki nje ya asilimia 81 ninawajua wanakaa wapi. Wengi wako nyuma ya maji, nyuma ya mlima, au kwenye dungu.

Najua katika mikutano ya kata yoyote nchini hoja ya kwanza ya afya ni kupandishwa hadhi: zahanati yetu iwe kituo cha afya. Siipingi. Ni haki ya kila kata na ni ahadi ya serikali. Ninachoomba ni kwamba msikubali kibao kipya juu ya jengo la zamani. Ulizeni kwenye kamati yenu ya usimamizi wa kituo: mpasuaji atakuwepo usiku? Mtu wa kutoa dawa ya usingizi yupo? Jokofu la damu lina umeme wa uhakika? Majibu yakiwa hapana, basi jengo hilo ni zahanati yenye kuta nyingi, na mama bado anahitaji kungoja mahali pengine.

Nimewauliza akina mama wengi kwa nini hawaendi kungoja. Nilitarajia waseme nauli, au chakula, na wapo waliosema hivyo. Mmoja alinipa jibu lililonyamazisha maswali yangu. Alisema: "Baba, wiki hizo tatu mpunga umetoa suke. Nikiondoka, ndege nani atawaamia?"

Ekari zake mbili ndizo chakula cha mwaka na ada za watoto. Alikuwa amepima hatari mbili, akachagua ile ambayo si lazima itokee. Hakukosa elimu ya afya. Alikosa mtu wa kukaa kwenye dungu.

Tulikaa na mumewe, mama mkwe, na majirani wa mashamba mawili yaliyopakana na lake. Wakagawana siku. Kijana wa jirani akapewa asubuhi, maana kwelea hushuka mapema. Mume akachukua jioni. Mama mkwe akabaki na watoto. Alikwenda kungoja akiwa na debe la mchele, dagaa na kanga mbili. Alijifungua siku ya kumi na saba, mtoto wa kike, kwa upasuaji, kwa sababu mtoto alikuwa amekaa vibaya. Aliporudi mashamba yalikuwa yameanza kukauka, na kabla ya kuingia nyumbani alipitia shambani, mtoto mgongoni, kuhesabu masuke.